Kidole Kinasema Tisini na Tisa

Kwa miaka kumi na mmoja mtu huyu aliishi kwa kubeba pumzi za wengine. Mitungi ya oksijeni ikitoka kiwandani imejaa, yeye ndiye aliyeipakia kwenye lori. Ikifika hospitali, yeye ndiye aliyeishusha, akaifunga mnyororo kwenye toroli, akaisukuma hadi wodini na kurudi na mitupu. Manesi walimwita Mzee wa Mitungi, ingawa uzee wenyewe ulikuwa bado mbali: alikuwa na miaka arobaini na minne, mabega mapana, na mikono iliyozoea chuma baridi. Lakini jina lilimkaa, maana siku lori likichelewa hata madaktari wakubwa walisimama dirishani kumtazamia, kama watoto wanaomngojea mama yao atoke sokoni.

Sasa tazama mambo ya dunia. Mtu huyohuyo, kila siku ilipofika saa nne na dakika ishirini asubuhi, aliingiliwa na maumivu nyuma ya jicho la kulia. Wala usidhani nasema yale maumivu ya kichwa unayoyajua wewe, ya kufunga kitambaa, kunywa chai na kulala kidogo. Haya hayakumruhusu kulala wala kukaa. Alikwenda na kurudi kama mtu aliyepoteza ufunguo, akijipiga paji la uso kwa kiganja. Jicho la kulia lilikuwa jekundu na kutiririka machozi, kope ikaning'inia, pua ikachuruzika tundu moja tu, la upande uleule. Jicho la kushoto lilikaa kavu likiangalia, kama jirani asiyetaka ushahidi. Saa moja na ushee baadaye yote yaliisha. Hakubaki na kovu wala homa, ila jicho jekundu na aibu.

Si mara ya kwanza. Mwaka juzi yalimjia hivyohivyo, akaenda kwa daktari wa meno, akang'olewa gego. Majuma mawili baadaye maumivu yakaisha yenyewe, na daktari wa meno akapata sifa mtaa mzima. Mwaka huu yaliporudi, jino la kulaumiwa halikuwepo. Akapewa miwani. Akapewa dawa ya kusafishia pua. Vidonge vya maumivu alimeza kwa kiasi ambacho mke wake alisema ini litakuja kumdai maelezo. Maumivu yakaja saa nne na dakika ishirini, hayakuwahi wala hayakuchelewa. Laiti wafanyakazi wa hospitali ile wangekuwa na adabu hiyo ya saa, nchi ingekuwa mbali.

Saa hizo kwa kawaida alikuwa hospitali, akishusha mzigo. Siku moja ya juma la kwanza la maumivu hayo alishindwa kuvumilia. Mitungi minane ilikuwa imesimama kwenye varanda ya chumba cha dharura, imejaa, mizuri, naye amesimama katikati yake akijipiga kichwa. Akajiambia: watu huletwa hapa wanakufa, wanafungwa barakoa, wanafumbua macho. Na mimi je, si nakufa? Akamwendea Sista Mkuu.

Sista Mkuu ndiye aliyekuwa na mamlaka juu ya kila pumzi iliyoingia jengo lile. Mwanamke mfupi, mwenye kalamu tatu mfukoni na huruma ambayo haikuonekana mpaka uitafute. Juu ya meza yake alibandika karatasi kwa mkono wake mwenyewe: OKSIJENI NI YA ALIYEPIMWA CHINI YA TISINI NA NNE. USIOMBE. Tusimlaumu haraka. Alishawahi kusimama kando ya kitanda mtungi ukiisha huku mgonjwa anamtazama, na mtu aliyeona hayo ana haki ya kubandika karatasi.

"Sista, naomba nivute kidogo," Mzee wa Mitungi akasema.

"Uvute nini?"

"Hewa. Hii niliyokuletea."

Sista Mkuu akamtazama lile jicho jekundu, akatazama ile kope iliyolala. Akachomoa kidude cha kubana kidole kinachopima oksijeni iliyo kwenye damu, akambana. Kikawaza, kikalia.

"Tisini na tisa," akasema. "Mimi niliyesimama hapa nina tisini na saba. Wewe ndiye ungenigawia mimi."

Chumba kizima kikacheka, hata mgonjwa mmoja aliyekuwa na barakoa. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini kinyozi angalau anaweza kwenda kwa kinyozi mwenzake. Mzee wa Mitungi alitoka akaenda kutembeatembea nyuma ya jengo la kufulia, huku na huko, mpaka saa tano na nusu.

Watu walimwona, na watu wana midomo. Mtu mwenye jicho jekundu, kope moja imeanguka, anayumba nyuma ya jengo la kufulia, asubuhi, jasho linamtoka. Huhitaji kusoma chuo kikuu kujua anaitwaje. Habari zikafika kiwandani kabla ya lori.

Msimamizi wa ghala alikuwa mtu mpole, tena mwenye kufuata maandishi, na hakuna mchanganyiko mbaya kuliko huo. Alimpa onyo la kwanza katika juma la pili. La pili akampa katika juma la nne. Yote mawili aliyaandika kwa mwandiko mzuri: *kulewa kazini*.

"Mimi sinywi, bosi. Miaka minne sasa. Ni kichwa."

"Kila mlevi ana kichwa," Msimamizi akasema. "Niletee barua ya daktari. Tena daktari bingwa, aliyekuona kwa macho yake ukiwa katika hali hiyo. Barua ya kusimuliwa sitaki. Usipoileta, Ijumaa ya juma la sita nakuandikia la tatu, na la tatu unajua mwisho wake."

Alijua. Na hilo halikumuuma kama lile la nyumbani.

Maana miaka minne iliyopita Mzee wa Mitungi alikuwa mnywaji kweli, tena mwenye bidii. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa amefunga mizigo na watoto wamevaa viatu, akamwambia achague. Akachagua. Tangu siku hiyo hakuonja tone. Alikuwa akilipita duka la pombe kwa upande wa pili wa barabara, hata kama upande ule ndio wenye matope. Hakuna jambo maishani alilojivunia kama hilo. Na sasa kila jioni alirudi nyumbani jicho moja jekundu, na Mama Pacha akasogeza pua karibu na mdomo wake kwa kisingizio cha kumpokea koti.

"Hunuki," alimwambia jioni moja, na sauti haikuwa ya kufurahi. "Siku hizi kuna za kutonuka."

"Mama Pacha, nakuapia."

"Usiape, Baba Pacha. Uliapa zamani, viapo vyako navijua kwa majina. Msimamizi amenipigia simu. Manesi wamekuona. Lisemwalo lipo."

"Ni kichwa."

"Kichwa kinachokuja ukiwa kazini na kuondoka ukirudi nyumbani? Kina akili sana hicho kichwa."

Angemjibu nini? Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Mama Pacha hakuwahi kumwona saa nne na dakika ishirini. Hata Jumapili, saa hiyo yeye na watoto walikuwa ibadani, na mume alibaki nyumbani akizunguka meza peke yake. Alichokiona ni jicho tu. Mfuko wa safari ulikuwa chini ya kitanda, haujafungwa bado, lakini umeshushwa kutoka juu ya kabati. Hilo mumewe aliliona na moyo ukamshuka.

Basi barua ile ikawa ndiyo roho yake. Kazi na nyumba vilikuwa vimening'inia kwenye karatasi moja.

Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu alikuja hospitali ile Alhamisi tu. Alhamisi ya kwanza Mzee wa Mitungi alijiandikisha asubuhi, akashikwa na maumivu akiwa wa ishirini na sita kwenye foleni, akaumwa mpaka yakaisha, akaitwa saa sita na nusu. Bingwa alikuwa ameitwa wodini. Aliyekaa pale ni daktari mwanafunzi.

"Unaumwa nini?"

"Sasa hivi? Hakuna."

Daktari mwanafunzi akaandika: *hana tatizo*. Akamwongezea vidonge vilevile.

Alhamisi ya pili foleni ilifungwa kabla hajafikiwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini mwenzetu huyu hakuwa na shida ya tumbo. Akaona kwamba ugonjwa wake na foleni ya hospitali havitakutana kamwe, kwa sababu mmoja unafuata saa na nyingine haifuati chochote. Ikabaki Alhamisi moja kabla ya ile Ijumaa.

Akafanya hesabu. Bingwa huanza saa tatu na nusu hivi, kila mgonjwa dakika kumi hivi. Anayetaka kuingia saa nne na ishirini hasa, awe wa sita. Akamwendea Sista Mkuu, ambaye ndiye aliyegawa namba, akamwomba namba sita.

"Watu wananiomba namba moja," Sista akasema. "Wewe unataka sita. Kwa nini?"

"Nataka niingie nikiwa mgonjwa."

Sista Mkuu akamtazama sana. Akampa sita, akanong'ona kwa nesi mwenzake kwamba pombe inaharibu watu.

Ruhusa ya kutoka kazini Msimamizi alimnyima kwa hoja ambayo mpaka leo sijapata wa kuijibu. "Unakwenda hospitali, si ndiyo? Na mitungi inakwenda hospitali. Ruhusa ya nini?" Kwa hiyo Alhamisi ile alifika juu ya lori, na mitungi kumi na miwili, akiwa mfanyakazi na mgonjwa kwa wakati mmoja. Mama Pacha alikuwa anamsubiri langoni. Alisema amekuja kumsindikiza. Ukweli ni kwamba alikuja kumpeleleza, na wote wawili walijua, wakasalimiana vizuri.

Mpango ulikuwa hivi: ashushe mitungi kwanza, kisha akakae foleni. Lakini siku ile, kwa mara ya kwanza tangu hospitali ijengwe, daktari bingwa alifika mapema. Wagonjwa watatu wa mbele walikuwa bado njiani kwa kumjua alivyo. Saa nne kasoro robo namba sita ikaitwa, mtungi hata mmoja haujashuka.

Bingwa alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani na sauti ya mtu aliyelala vizuri. Mbele yake akaketi mwanaume mzima kabisa, macho yote mawili meupe, amekunja uso kwa huzuni kwamba haumwi.

"Karibu. Tatizo nini?"

"Bado halijafika, daktari. Linafika saa nne na dakika ishirini. Naomba unisubirie."

Mama Pacha, aliyeingia naye, akafumba macho kwa aibu. Lakini daktari aliweka kalamu chini.

"Kila siku saa hiyohiyo?"

"Kila siku."

"Upande mmoja? Jicho linatoa machozi upande huohuo, na pua pia? Na ukiumwa huwezi kutulia, unatembea?"

Mzee wa Mitungi akaduwaa. Ilikuwa kama mtu kumsomea barua aliyoisahau mfukoni. "Daktari, nani amekwambia?"

"Wewe, kwa kuniomba nisubiri. Pombe unakunywa?"

Mama Pacha akafumbua macho.

"Niliacha miaka minne iliyopita."

"Hujaonja hata kidogo majuma haya?"

"Hata harufu."

"Umefanya vizuri. Kipindi hiki ungeonja hata glasi moja, shambulio lingekuja papo hapo, lisingengoja kesho." Akamgeukia Mama Pacha. "Wagonjwa wa maradhi haya wengi hawaambiwi, pombe huikimbia wenyewe."

Mama Pacha alikuwa akitazama viatu vyake, na uso umebadilika rangi.

Daktari akaeleza kwamba ugonjwa huo una jina, ni maumivu ya kichwa ya vishada, kwa sababu huja kwa kishada: majuma kadhaa mfululizo, kisha hutoweka miezi au mwaka. "Vidonge ulivyomeza havikuwa vibaya. Vina miguu mizito. Mpaka kidonge kishuke tumboni, kiyeyuke, kipande kichwani, mwizi ameshaondoka na mlango ameurudishia. Dawa ya shambulio lenyewe inatakiwa iwe na mbio. Ziko mbili. Moja ni sindano ya chini ya ngozi, inaitwa sumatriptani. Nitakupima presha na moyo kwanza, maana si ya kila mtu. Ya pili ni oksijeni safi, nyingi, lita kumi na mbili mpaka kumi na tano kwa dakika, kwa barakoa yenye mfuko, umekaa wima, robo saa."

"Oksijeni," Mzee wa Mitungi akasema.

"Oksijeni."

"Hii ya mitungi?"

"Unaijua nyingine?"

Akacheka. Si kicheko kizuri. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima akakuta ameivaa. Majuma sita, na mwaka juzi majuma nane, na jino lake. Na muda wote huo dawa ameikumbatia kifuani, ameisukuma kwenye toroli, ameifunga mnyororo isikimbie.

Aliketi pembeni, daktari akaendelea na namba saba. Saa nne na dakika ishirini Mama Pacha aliinua macho ukutani, akatazama saa, akaanza kusema kitu, hakukimaliza. Mumewe alikuwa ameinuka. Jicho la kulia lilijaa maji ghafla, kope ikaanza kushuka, akashika ukingo wa dirisha akauacha, akaenda mlangoni akarudi, akajipiga paji la uso, mara moja, mara ya pili, kwa nguvu ambayo mtu hajipigi mwenyewe.

"Baba Pacha!"

Hakumsikia. Mama Pacha akamfuata huku na huko chumbani, mikono imenyooshwa, hajui pa kumshika. Alimwona mtu huyu miaka mingi akiwa mlevi kweli. Hakuwahi kumwona hivi.

Daktari akaita oksijeni. Sista Mkuu akaja, na kile kidude mkononi, akambana kidole.

"Daktari, tisini na tisa."

"Sikukuuliza kidole, Sista."

"Kanuni ya oksijeni ni chini ya tisini na nne."

"Huyu hakosi hewa. Kwake yeye hewa ni dawa, si chakula. Mtu akija na malaria, unampima njaa kwanza?"

Sista Mkuu alikuwa mkali, hakuwa mjinga. Akakimbia. Akarudi bila mtungi. Yote iliyokuwa chumba cha dharura imefungwa kwa watu, ya akiba imekwisha asubuhi, na iliyojaa iko juu ya lori nje. Dereva hashushi.

"Kwa nini hashushi?"

"Anasema bila saini ya mpeleka mitungi kwenye hati ya makabidhiano, hashushi hata kifuniko. Ndiyo kanuni yao."

"Mpeleka mitungi yuko wapi?"

Sista Mkuu akamnyooshea kidole mgonjwa.

Hati ikaletwa mbio, nakala tatu. Mama Pacha akamshikia ubao, Sista akamshikia bega, na Mzee wa Mitungi, jicho moja limefumba na lingine halioni vizuri kwa uchungu, akajisainia ruhusa ya kutibiwa: nakala ya kiwanda, nakala ya hospitali, nakala ya dereva. Kwenye ile ya tatu kalamu ikatoboa karatasi. Dereva akaichunguza, akaridhika, akashusha.

Barakoa ikafungwa, mfuko ukajaa, mkondo ukafunguliwa mpaka juu. Dakika ya tatu hakuna kitu. Dakika ya sita aliacha kupiga mguu chini. Dakika ya tisa kitu kikalegea nyuma ya jicho, kidogo, kama fundo linaloanza kukubali kucha. Dakika ya kumi na nne akainua mkono akagusa paji la uso taratibu, akatafuta maumivu, hakuyakuta. Saa ilikuwa bado haijafika saa tano. Akalia, na safari hii machozi yalitoka macho yote mawili.

"Nisamehe," Mama Pacha akasema. Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya hospitali, amemshika mikono. "Nisamehe, Baba Pacha. Nimekutesa mgonjwa."

Sista Mkuu alikuwa akisoma kitu muhimu sana kwenye ukuta mtupu. Kisha akachukua kadi ya mgonjwa, akaandika kwa kalamu nyekundu kwamba mtu huyu akija apewe oksijeni bila kupimwa kidole, akaigonga muhuri mara mbili.

Daktari akampima presha na moyo, akamwandikia sindano za kubaki nazo akiwa njiani, si zaidi ya mbili kwa siku. Halafu akaandika barua. Ilisema alimwona kwa macho yake. Kwamba ni maumivu ya kichwa ya vishada, si ulevi. Kwamba kazi yake anaiweza, mradi maumivu yakija apewe robo saa na oksijeni. Usiku ule mfuko wa safari ulirudi juu ya kabati, na Mama Pacha akamwambia kesho atakwenda naye kiwandani, avae vizuri, amsikie Msimamizi akiomba radhi.

Ijumaa asubuhi Mama Pacha akabaki kwenye benchi nje ya ofisi. Mumewe akaingia na barua. Msimamizi aliisoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Hongera," akasema kwa moyo mweupe. "Nilikuwa nakuombea. Nimefurahi, kweli."

Kisha akafungua kitabu cha kanuni, na furaha ikaanza kumtoka usoni kidogo kidogo.

"Ulevi uko ukurasa wa kumi na nne," akasema. "Maonyo matatu. Na hata la tatu likifika, mfanyakazi akikiri na ndugu yake akamdhamini, anasamehewa, anaangaliwa mwaka mzima. Ugonjwa uko ukurasa wa kumi na tano." Akasoma polepole: "*Mwenye maradhi ya kichwa yanayokuja ghafla haruhusiwi kugusa mtungi uliojaa, na ajira yake itakoma siku hiyo.* Basi. Hakuna onyo, hakuna ndugu."

"Haya hayaji ghafla, bosi. Yanakuja saa nne na dakika ishirini."

"Kitabu hakina saa."

"Daktari ameandika naiweza kazi."

"Ameandika. Na mimi nikiigonga muhuri barua hii, leo ndiyo siku yako ya mwisho. Nisipoigonga, sijaiona." Akaisukuma barua katikati ya meza, isiwe kwake wala kwa mwenzake. "Fomu ya kukiri ulevi ninayo. Inataka saini yako na ya ndugu."

"Lakini mimi sijalewa."

"Najua," Msimamizi akasema kwa upole. "Imeandikwa hapa."

Mficha maradhi, husemwa, kifo humuumbua. Aliyeyaweka wazi hawakumtungia msemo; pengine hawakufikiri kuna atakayejaribu. Mzee wa Mitungi aliitazama ile barua aliyoihangaikia. Akawaza miaka kumi na mmoja, akawaza watoto wawili waliokua kwa kazi hii, akawaza miaka minne ya kupita upande wenye matope. Akaikunja barua, akaitia mfukoni. Akasaini kwamba ni mlevi. Mwandiko ulitoka vizuri.

Mama Pacha akaitwa. Aliingia na gauni lake la heshima, anatabasamu, amejiandaa kusema hakuna neno, yamekwisha. Msimamizi akamweleza, macho yake yakiwa kwenye kitabu. Tabasamu lilikaa muda mrefu usoni kwake kwa kutojua pa kwenda. Kisha akaivuta fomu, akasoma: *Mimi, ndugu wa mtajwa, nashuhudia kwamba mtajwa ni mlevi, na kwamba nimemwona akiwa katika ulevi mara* — halafu nafasi tupu.

Akaandika jina lake. Mahali pa uhusiano akaandika: mke. Alipofika kwenye ile nafasi tupu kalamu ikasimama. Akamgeukia mumewe.

"Baba Pacha," akasema, "niandike mara ngapi?"

"Andika nyingi," akamjibu. "Ukiandika moja watadhani tunadanganya."

Mama Pacha akainama, akahesabu kwa vidole juu ya gauni lake la heshima. Majuma sita, kila siku mara moja, hata Jumapili. Akaandika arobaini na mbili.